Wakemia wa Kemondo

Ukitoka Bukoba mjini ukashuka kusini ukiambaa na Ziwa Victoria, utafika Kemondo, ambako wengi hupajua kwa bandari yake. Wachache wanajua kwamba katika ardhi ya huko yamefukuliwa mabaki ya matanuri ya chuma yenye umri wa kati ya miaka 1,500 na 2,000. Nimeifuata njia hii, kutoka Kemondo hadi Katuruka karibu na Maruku, kwa ajili ya swali ambalo wanafunzi wa sekondari huulizana kila unapofika wakati wa kuchagua masomo: kemia ni nini hasa, na ukiisoma utaishia wapi? Vitabu hujibu kwamba ni elimu ya maada na mabadiliko yake. Ni kweli. Lakini naamini jibu hilo hueleweka vizuri zaidi mtu akisimama mahali ambapo wazee wetu waligeuza jiwe jekundu kuwa jembe.

Katuruka ina historia ya kifalme. Wahaya wa huko husimulia kwamba mukama (mfalme) Rugomora Mahe, aliyetawala katika karne ya 17, alijenga mnara wa chuma uelekee mbinguni, na mnara ule ukaanguka. Katika miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwasikiliza wazee wa huko kabla ya kushika jembe la kuchimbia. Walimwonyesha lilipokuwa kasri la Rugomora na mti mkubwa wa kimila ulioitwa Kaiija. Alipochimba alikuta mabaki ya uhunzi yaliyomtangulia mukama huyo kwa mbali sana, mengine yakiwa na zaidi ya miaka 2,000. Nalisisitiza hili kwa sababu masimulizi ya mdomo mara nyingi hudharauliwa. Hapa ndiyo yaliyomwongoza mtaalamu hadi shimoni.

Sasa tulitazame tanuri lenyewe. Lilianza na shimo. Ndani yake yalichomwa majani ya kinamasi hadi yakawa makaa mepesi yaliyojaza shimo. Juu yake ziliinuliwa kuta za tanuri kwa matofali ya mavi ya chuma, yaani takataka ya uyeyushaji wa zamani, na udongo wa kichuguu, kwa kuwa udongo huo hustahimili moto mkali. Mirija ya udongo iliingizwa kuzunguka tanuri, na nyuma ya kila mrija aliketi mtu na mivukuto. Kutoka juu yakamiminwa makaa ya miti na mawe ya chuma, na kazi ya kuvukuta ikaendelea kwa saa nyingi, watu wakipokezana na nyimbo zikishika mwendo wa mikono.

Jiwe la chuma ni chuma kilichofungamana na oksijeni. Moto pekee hauwezi kuvitenganisha viwili hivyo. Kinachofanya kazi ni gesi inayozaliwa makaa yanapoungua kwa hewa isiyotosha, yaani kaboni monoksaidi. Gesi hiyo hulinyang'anya jiwe oksijeni yake, ikageuka kaboni dayoksaidi na kupaa, huku chuma kikibaki. Mchanga na takataka nyingine huyeyuka kuwa mavi ya chuma, yakatiririka hadi kwenye makaa ya majani chini. Ni kaboni monoksaidi hiyo hiyo inayoua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Haina harufu wala rangi. Damu hushikamana nayo kwa nguvu kuliko inavyoshikamana na oksijeni. Kila mzazi anapaswa kulijua hilo, na mwalimu wa kemia ndiye mwenye nafasi nzuri ya kulifundisha.

Chuma chenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi, lakini wayeyushaji hawakuhitaji kufika huko. Ilitosha mavi yayeyuke na chuma kishikamane kuwa bonge ambalo wahunzi wangelifua. Hata hivyo kilichopatikana hakikuwa chuma laini tu. Kaboni ya makaa iliingia ndani yake, na sehemu za bonge zikawa feleji. Hayo yalifanyika karne nyingi kabla Lavoisier hajaipa oksijeni jina lake huko Ufaransa katika karne ya 18.

Tunayajua haya kwa sababu mwaka 1976 wazee wa Kihaya walikubali kuifanya tena kazi waliyoiacha kwa miongo mingi, tangu vyuma vya kununua vilipojaa sokoni. Mikono yao ilikuwa imekaa mbali na tanuri muda mrefu, ikabidi wakumbushane. Schmidt alikuwa nao, pamoja na Donald Avery, profesa wa uhandisi kutoka Chuo Kikuu cha Brown, Marekani. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 1978. Wawili hao walidai kwamba mirija ilizamishwa ndani ya tanuri kwa makusudi, ili hewa ipate joto kabla ya kukutana na makaa, na moto uzidi ukali. Wataalamu wengine walipinga: hewa inayopita kasi mrijani, walisema, haipati muda wa kutosha kupashwa. Ubishi huo haujamalizika. Kwangu hauwapunguzii heshima wazee hata kidogo, maana feleji yao ipo na imepimwa.

Umri wa matanuri nao ulisomwa kwa kemia. Mti ukiwa hai hupokea kaboni-14 kutoka hewani. Ukikatwa, kaboni hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Kipande cha mkaa kilichobaki shimoni kinatosha. Willard Libby, aliyebuni kipimo hicho, alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1960.

Tukirudi kwa wayeyushaji wenyewe, napenda kulitazama tanuri kama kazi ya watu wengi wenye ujuzi tofauti. Kulikuwa na aliyejua jiwe lipi lina chuma, aliyejua mti upi unatoa makaa mazuri, aliyefinyanga mirija isiyopasuka, na msimamizi aliyesoma rangi ya moto akaamua saa ya kuongeza mawe. Chini ya baadhi ya matanuri vilikutwa vishimo vya dawa za kimila. Sioni sababu ya kuvicheka. Mahali pasipo na daftari, mila hushika mpangilio wa kazi usipotee.

Ujuzi ule umegawanyika leo katika kazi nyingi, na sehemu yake kubwa ipo humo humo mkoani Kagera. Maruku kuna kituo cha utafiti wa kilimo. Mvua kubwa ya ukanda wa ziwa huosha virutubisho na kuacha udongo wenye asidi, kwa hiyo anayepima udongo ndiye anayemwambia mkulima migomba yake inakosa nini. Bukoba mjini kuna TANICA, kiwanda cha kahawa ya kuyeyuka. Unyevu na ubora wa kahawa hupimwa maabara. Kagera Sugar, wilayani Missenyi, inahitaji mtu wa kupima utamu wa maji ya miwa kabla ya kuyachemsha. Ngara kuna nikeli ya Kabanga, na nikeli, kama chuma, lazima itenganishwe na kile ilichoshikamana nacho mwambani. Mbali na mkoa huo kuna Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye vipimo vyake vya sumu na vinasaba husaidia kuamua kesi mahakamani. Kuna wafamasia, wakaguzi wa viwango, wapimaji wa maji ya mabomba, na walimu, ambao bila wao hakuna hata mmoja wa hao wengine.

Mwanafunzi atakayefika kidato cha tano atakuta kemia katika tahasusi kama PCM (fizikia, kemia na hisabati), PCB (fizikia, kemia na baiolojia) na CBG (kemia, baiolojia na jiografia). Ya kwanza huelekea zaidi uhandisi na madini, ya pili tiba na dawa, ya tatu kilimo na mazingira, ingawa mipaka hiyo si ukuta. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya kemia, na kina mafunzo ya akiolojia yaliyoanza mwaka 1985, Schmidt akiwa miongoni mwa walioyaasisi. Natamani apatikane kijana wa Kagera atakayesomea pande zote mbili, ajenge tanuri upya, aweke vipimajoto ndani ya mirija, na alimalize bishano la hewa ya moto kwa tarakimu zake mwenyewe.