Pan Paper: Kiwanda Kilichojenga Webuye

Mwaka 1974 magharibi mwa Kenya palizaliwa taasisi mbili. Kitale palifunguliwa makumbusho yaliyotokana na wasia wa Luteni Kanali Hugh Stoneham, mkusanyaji wa vipepeo na wadudu wengine aliyefariki mwaka 1966. Webuye, katika Bungoma, mashine za Pan African Paper Mills zilianza kutoa karatasi. Vipepeo wa Stoneham wamepata kabati na mtunzaji. Kumbukumbu za Pan Paper nyingi zingali majumbani, katika masanduku ya familia na vichwani mwa wazee waliostaafu.

Kabla ya kiwanda, ramani za wakoloni ziliuita mji huu Broderick Falls, kwa ajili ya maporomoko ya mto Nzoia ambayo wenyeji huyaita Nabuyole. Juu ya mji kuna kilima cha Chetambe, ambako Wabukusu walipambana na jeshi la Waingereza mwaka 1895. Reli ya kwenda Uganda ilipita hapa miaka ya 1920, ikaacha stesheni na maduka machache.

Kampuni iliundwa mwaka 1969 kwa ubia wa serikali ya Kenya, Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC) lililo chini ya Benki ya Dunia, na Orient Paper Mills ya kundi la Birla kutoka India. Haikuwa bahati tu Webuye kuchaguliwa. Karatasi hutaka maji mengi, na Nzoia ilikuwa nayo. Hutaka miti, na serikali ilikwisha kupanda misitu ya misindano upande wa Turbo. Hutaka njia ya kusafirishia mzigo, na reli ilikuwepo.

Kiwanda cha namna hii hakizimwi jioni. Magogo hukatwa vipande vidogo, vipande hupikwa kwa dawa kali hadi viwe rojo, rojo huoshwa, kisha hutandazwa na kukaushwa usiku na mchana. Ndiyo maana Webuye ulikuwa mji wa zamu. Baba wa zamu ya usiku alilala mchana, na watoto wakafundishwa kucheza mbali na dirisha lake. Mshahara mmoja ulilipa karo ya wadogo wa mfanyakazi, ukaezeka nyumba ya wazazi kijijini na kumlipa mwenye duka aliyekopesha unga. Vyumba vya kupanga viliongezeka, soko likapanuka, na watu wa makabila mengi wakaja kutafuta kibarua, wakaoa, wakabaki. Timu ya Pan Paper ilifika ligi kuu ya kandanda, na jina la kiwanda likasikika redioni hata kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga Webuye. Kwangu mimi, hayo ndiyo yanayostahili kurasa nyingi kuliko hesabu za wanahisa.

Lakini heshima kwa kiwanda isifiche madhara yake. Harufu ya salfa, kama ya mayai viza, ilitanda juu ya mji. Mabati ya nyumba yaliliwa na kutu upesi, na malalamiko juu ya vifua vya watoto na maji machafu yaliyotiririshwa mtoni yalidumu miaka mingi. Wengi walilalamika na kushukuru kwa wakati mmoja, maana moshi uleule ndio uliowalisha. Nayo misitu ilipungua: serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu yake mwaka 1999, Pan Paper ilikuwa miongoni mwa kampuni chache zilizoruhusiwa kuendelea.

Anguko lilikuja polepole. Soko lilifunguliwa kwa karatasi za nje, shilingi ikashuka huku mikopo ikidaiwa kwa fedha za kigeni, na gharama za umeme na mafuta zikapanda. Januari 2009, deni la umeme likiwa limeshindikana kulipwa, kiwanda kilisimama. Zaidi ya watu 1,000 walipoteza kazi. Wapangaji walihama, maduka yakafungwa, na baadhi ya watoto wakaacha shule. Jaribio la kukifufua wakati wa Rais Kibaki halikudumu. Mwaka 2016 mali zake ziliuzwa kwa kundi la Rai kwa shilingi milioni 900, na kiwanda kikarudi kazini kwa jina la Rai Paper, kikiwa na wafanyakazi wachache kuliko zamani.

Vita vya Chetambe tunavijua kutoka upande wa Wabukusu kwa sababu wazee waliwasimulia wajukuu. Mafundi wa mashine za mwanzo sasa ni wazee pia. Kutoka Webuye hadi makumbusho ya Kitale si mwendo mrefu kwa matatu. Kitambulisho cha kazini, hati ya mshahara ya mwaka 1980, picha ya timu, sauti ya mjane akieleza jinsi alivyolea watoto baada ya 2009: hivyo vinaweza kukusanywa na kurekodiwa mwaka huu huu, wenyewe wakiwapo kutaja majina ya waliosimama pichani.