Mikokoteni ya Zama za Kati: picha za kale zasema kweli?

Mwenye punda hapa Pwani hahitaji kufundishwa kwamba kamba ikimbana mnyama koo, mzigo hauendi mbali. Jambo hilo dogo liliwahi kuwagawanya wanahistoria, na chanzo chake kilikuwa picha.

Kabla ya uchapaji, vitabu vya Ulaya viliandikwa na kupambwa kwa mkono. Mfano maarufu ni Zaburi ya Luttrell, iliyotengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1320 na 1340 hivi kwa ajili ya Sir Geoffrey Luttrell wa Lincolnshire. Leo imehifadhiwa British Library, London. Pembezoni mwa kurasa zake tunaona ng'ombe wanne wakivuta jembe kwa nira, na mkokoteni wa mavuno wenye magurudumu mawili ukipandishwa mlima na farasi watatu waliopangwa mmoja nyuma ya mwingine, huku watu wakiusukuma kwa nyuma. Magurudumu yamepigwa misumari ili yasiteleze. Farasi wamevishwa shingoni pete nene iliyojazwa, ambayo huuweka uzito mabegani badala ya kooni. Hapo mchoraji alichora alichokiona shambani.

Lakini picha hizo zina mtego wake. Mchoraji wa zama zile aliposimulia visa vya kale, aliwavika watu wa kale nguo za wakati wake na kuwapa magari ya wakati wake. Biblia ya Morgan, iliyochorwa Ufaransa miaka ya 1240 hivi, inasimulia vita vya Nabii Daud, lakini silaha na mikokoteni yake ni ya Ufaransa ya karne ya 13. Kwa hiyo ni shahidi mzuri wa Ufaransa, si wa Palestina ya kale. Kitabu hichohicho mwaka 1608 kilimfikia Shah Abbas wa Uajemi kama zawadi, na maelezo ya Kiajemi yakaongezwa pembeni.

Kosa kubwa zaidi lilitokana na msomaji wa picha. Mwaka 1931 Lefebvre des Noëttes, afisa mstaafu wa jeshi la farasi la Ufaransa, alitoa kitabu akidai kwamba mikanda ya Wagiriki na Warumi ilimkaba farasi koo. Kwa vile mnyama hakuweza kuvuta mzigo mzito, alisema, mzigo ukamwangukia mtumwa. Yaani utumwa ukaelezwa kwa mkanda wa farasi! Hoja hiyo ilikubalika kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1970 Mfaransa mwingine, Jean Spruytte, alitengeneza upya magari na mikanda ya kale, akafunga farasi, nao wakavuta bila kukabwa. Ikabainika kwamba mwenzake alichanganya aina mbili tofauti za mikanda zilizomo kwenye picha na kuzifanya moja.

Sisi wa Pwani, tunaoijua historia ya utumwa, tuna sababu ya kulipima somo hili. Dhulma ya watu haikuletwa na upungufu wa kamba.

Na je, ulimwengu wa Kiislamu? Katika Maqamat ya al-Hariri, iliyochorwa na al-Wasiti mwaka 1237, ngamia ndio wanaotawala safari. Asidhani mtu kwamba gurudumu halikujulikana. Richard Bulliet alieleza mwaka 1975 kwamba katika Mashariki ya Kati ngamia mwenye tandiko zuri alikuwa nafuu kuliko gari, tena hakuhitaji barabara. Magari yakaachwa kwa hesabu ya biashara.

Basi ukikutana na picha ya kale, au mtu akikuuzia kigari cha mfano akisema ni cha Zama za Kati, uliza: mchoraji alikuwa akionyesha wakati gani, wake au wa kisa? Uzito umekaa kooni au mabegani? Na je, kuna aliyewahi kukitengeneza kifaa hicho na kukijaribu kwa mnyama hai?