Fidia ya Nani? Utetezi wa Neno Kijazio

Rasimu ya faharasa ya istilahi za ulinzi na ununuzi wa umma imepita mikononi mwangu, na mstari mmoja ndani yake umenikosesha raha kuliko kurasa nyingine zote. Penye neno la Kiingereza offset, kamati imeandika "fidia", ikatia nukta, ikaendelea na safari yake. Hakuna maelezo, hakuna mfano, hakuna hata dalili kwamba mjumbe mmoja alisita. Kamati hiyohiyo niliwahi kuipelekea pendekezo la neno kijazio, pamoja na waraka wa kulitetea. Jibu sikupata. Sitaki kudai kwamba waraka haukusomwa. Ninachosema ni kwamba mtu aliyeusoma angeona haya kidogo kabla ya kuandika "fidia".

Jambo lenyewe halina haja ya somo refu. Nchi inaponunua ndege za kivita kwa mabilioni, humtaka muuzaji aahidi kwamba sehemu ya thamani hiyo itarudi kwa njia nyingine: vipuri vitengenezwe na viwanda vya mnunuzi, mtaji uingizwe, wahandisi wafundishwe, bidhaa zinunuliwe. Anayefuatilia zabuni za ndege anajua kwamba mawaziri huitangaza ahadi hii kwa sauti kubwa kuliko wanavyotangaza kasi ya injini. Ugomvi wangu uko kwenye jina.

Fidia ni neno la Kiarabu lililokwishakuwa letu, na mzizi wake ni kukomboa. Mateka hufidiwa. Mnyama aliyechinjwa badala ya mwana wa Ibrahimu alikuwa fidia. Katika fikihi, mzee asiyeweza tena kufunga hulisha maskini kwa kila siku ya Ramadhani iliyompita, na chakula hicho huitwa fidia. Serikali nayo inapopitisha barabara katikati ya shamba la mtu, anayehamishwa hudai fidia. Dereva akimgonga mwenda kwa miguu, bima hulipa fidia. Matumizi haya yote yana mhimili mmoja: kuna kilichopotea, na kuna mtu aliyepungukiwa haki yake au aliyeshindwa wajibu wake. Sasa niambiwe, Uswisi ilipoamua kununua ndege 36 aina ya F-35A, ilikuwa imedhulumiwa nini? Ilikaa mezani, ikachagua, ikatia saini. Mnunuzi mwenye hiari hafidiwi.

Mjumbe mmoja alinijibu pembeni ya mkutano, kwa ile sauti ya mtu anayemwelewesha mtoto, kwamba Wafaransa husema compensation, kwa hiyo fidia ina ushahidi wa kimataifa. Ushahidi huo unamgeuka mwenyewe. Neno hilo la Kifaransa lilitoka katika Kilatini, compensare, yaani kupima kitu pamoja na kingine: kitenzi cha sokoni, cha mtu aliyeshika mizani. Maana ya kumlipa aliyeumizwa ilikuja juu yake baadaye. Kiingereza nacho kinasema hivyohivyo kwa njia yake: kuweka kitu upande wa pili ili ukabiliane na upande wa kwanza. Lugha zote mbili zinazungumzia mizani, na kamati yetu ikaokota neno la mahakama.

Kwa kweli tunayo fidia halisi katika biashara hii, na sisi Watanzania tunaijua vizuri kuliko wengine. Mwaka 2010 kampuni ya BAE Systems ilikiri katika mahakama ya Uingereza kosa la kutotunza hesabu sawasawa katika mauzo ya rada kwa Tanzania, na ikatoa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania, fedha zilizokwenda kwenye vitabu na madawati ya shule. Hapo palikuwa na makosa, palikuwa na aliyepunjwa, palikuwa na malipo. Hiyo ndiyo fidia kwa kila kipimo. Na wananchi waliiitaje? Chenji ya rada. Hawakusubiri kamati. Neno lile lina kejeli, lina hesabu, na linajua kwamba mtu hurudishiwa chenji pale tu alipotoa nyingi kuliko bei. Kama umma uliona "fidia" haitoshi hata mahali ilipostahili, sijui ujasiri wa kuipeleka isikostahili umetoka wapi.

Washindani wengine nitawapitia haraka, kwa sababu wanastahili haraka. "Mrejesho" limekwishachukuliwa na warsha na semina, ambako kila mshiriki hutoa mrejesho kabla ya chai. "Ofseti" ni mali ya wapiga chapa. "Nipe-nikupe", alilolipendekeza mtani wangu mmoja wa Nairobi, ni tamu mdomoni lakini lina harufu ya bahasha. Mwanasheria hawezi kuliweka kwenye mkataba bila kumtia mteja wake mashakani. "Malipo kwa bidhaa" ni dhana nyingine kabisa, na hapa ndipo rasimu inapokoroga mambo mara ya pili, kwani imeviweka vitu viwili chini ya kichwa kimoja.

Tuchukue Malaysia. Mwaka 2003 iliagiza kutoka Urusi ndege 18 aina ya Su-30MKM, na sehemu ya bei ikakubaliwa ilipwe kwa mafuta ya mawese. Mawese hayo ni malipo: yanatoka kwa mnunuzi kwenda kwa muuzaji, sawa na fedha taslimu. Lakini katika mapatano hayohayo Warusi waliahidi kumpeleka Mmalaysia angani, na Oktoba 2007 Sheikh Muszaphar Shukor, daktari wa mifupa, alirushwa kwa chombo cha Soyuz hadi kituo cha kimataifa cha anga, Ramadhani ikiwa ukingoni. Safari ile ilitoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi, juu ya ndege zenyewe. Hicho ni kijazio. Wanazuoni wa kwao walimwandalia mwongozo wa kuswali na kufunga akiwa anazunguka dunia, na kama kuna mahali popote katika biashara ile ambapo neno fidia lingeweza kupenya, ni katika mwongozo ule. Hata hapo lingegonga mwamba, maana msafiri aliyekula mchana hulipa kadha, yaani hufunga siku nyingine.

Nije kwa neno langu. Kitenzi jaa ni Kibantu kisicho na shaka. Maji hujaa na kupwa, mwezi hujaa, kisima hujaa. Kutoka hapo tunapata jaza, jazana, jazia, na nomino ujazo wanayoitumia walimu wa sayansi. Jazia ndiyo inayonihusu: ni kumwongezea mtu kitu mpaka palipopungua pafikie ukingo. Mnunuzi wa mchele akiona kibaba hakijapanda vizuri humwambia muuzaji, "Nijazie." Fedha za nchi zimepwa kwenda kununua ndege, muuzaji anatakiwa kujazia. Kiambishi ki- mwanzoni na -o mwishoni vinatupa chombo au kitu cha kufanyia jambo, kama kifuniko na kizibo. Umbo halina kilema.

Lakini utamu wa neno hili uko chini zaidi, na nakiri kwamba waraka wangu ulikaa hapo kwa kurasa kadhaa. Kiswahili kina jaza nyingine, nomino yenye maana ya malipo mema au thawabu, iliyotoka katika Kiarabu jazaa, nduguye yule tunayemsikia kila siku katika jazakallahu khairan. Kitenzi chake ni jazi. Sasa msikilize mzee wa pwani anayekushukuru. Huyu atasema "Mungu akujazi kheri", yule atasema "Mungu akujaze kheri", na ukiwauliza tofauti watakushangaa. Mizizi miwili, mmoja wa bara hili na mmoja wa ng'ambo, imekutana katika sauti moja, na kinywa cha Mswahili hakihangaiki tena kuitenganisha: kujaza na kulipa wema vimekuwa tendo moja. Ni lugha ngapi zimepewa bahati hiyo? Tunayo istilahi ambayo mwanzo wake tu umebeba pengo linalozibwa na malipo yanayorudi, na wajumbe wakapita juu yake kama wapita juu ya mkeka.

Hoja pekee iliyotolewa dhidi yangu hadharani ilikuwa dhihaka. Mtaalamu mmoja, ambaye vitabu vyake ninaviheshimu kuliko mizaha yake, alisema kijazio kinamkumbusha sufi ya godoro. Ukumbi ulicheka. Mimi niliandika maneno yake, kwa sababu alikuwa amenisaidia bila kujua. Sufi ndiyo hasa. Godoro likijazwa sana huonekana nene dukani, na anayelilalia ndiye atakayejua ndani mna nini.

Tazama Afrika Kusini. Mwaka 1999 serikali ilitia saini ununuzi mkubwa wa silaha, zikiwemo ndege za Gripen 28, ambazo baadaye zilipunguzwa kuwa 26, na za mafunzo aina ya Hawk 24, pamoja na meli, nyambizi na helikopta, kwa takriban randi bilioni 30. Kilichotangazwa upande wa pili kilikuwa zaidi ya randi bilioni 100 za uwekezaji na mauzo, na ajira 65,000. Nani angekataa kutoa 30 apate 100? Lakini katika hesabu za vijazio kuna vizidishi: muuzaji akiweka fedha katika mradi unaopendelewa, kila randi huandikwa kama randi kadhaa kwenye daftari la ahadi. Daftari likajaa; ajira hazikuifikia ile ahadi hata kwa mbali, na nchi ikabaki na miaka ya kesi na tume. Anayeandika kwamba Afrika Kusini "iliahidiwa fidia" anamfanya msomaji aone kitu kinachodaiwa kwa haki na kulipwa kwa hesabu ya hasara. Anayeandika "iliahidiwa kijazio" anamwachia msomaji nafasi ya kuuliza: kimejazwa nini?

Na bei ya kujaza hulipwa na nani? Mtengenezaji wa ndege si mfadhili. Gharama ya kuhamisha kazi, ya kufungua kiwanda kidogo mahali pasipokuwa na kiwanda, huingizwa katika bei kimyakimya. Ndiyo maana mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu ununuzi wa serikali unakataza masharti ya namna hii katika zabuni unazozisimamia, huku silaha zikiachiwa mlango wao. Umoja wa Ulaya nao huyatazama kwa jicho kali hata katika ulinzi. Hapa nina swali kwa kamati: ni sheria gani duniani inayopiga marufuku fidia?

Si kwamba kijazio ni hila tupu. Mwaka 1975 Ubelgiji, Uholanzi, Denmark na Norwei ziliungana kuagiza F-16, ndege 348 kwa jumla, na zikapata mapatano ambayo wanunuzi wengine wameyaonea wivu tangu wakati huo: viwanda vyao vilihakikishiwa kazi yenye thamani ya asilimia 40 ya ndege zao wenyewe, asilimia 10 ya ndege 650 za jeshi la anga la Marekani, na asilimia 15 ya zitakazouzwa kwingine. Ndege ziliunganishwa Ubelgiji na Uholanzi. Hapo pengo lilijazwa kweli, kwa sababu nchi zile zilikuwa tayari na mafundi na viwanda vya kupokea kazi.

Nchi nyingine zimeamua kukiweka kijazio mahali pake. Ufini, katika mashindano yaliyomalizika Desemba 2021 kwa kuchaguliwa F-35A 64, ilidai ushiriki wa viwanda vyake wa angalau asilimia 30, lakini kama kizingiti tu: ukivuka, umevuka, na ukishavuka unapimwa kwa uwezo wa vita. Uswisi iliwaahidi wapiga kura kijazio cha asilimia 60 ya thamani ya mkataba, na Septemba 2020 wakakubali bajeti ya faranga bilioni 6 kwa asilimia 50.1, wembamba wa unywele. Katika alama za uchaguzi wa ndege, kijazio kinachofungamana na ununuzi wenyewe kilipewa uzito wa asilimia 10, na F-35A iliongoza katika vigezo vyote vikuu isipokuwa hicho. Ikashinda. Mwaka 2025 Marekani ikabisha hodi ikitaka nyongeza ya mamia ya mamilioni juu ya bei ambayo serikali ya Bern iliamini haibadiliki. Neno "bei isiyobadilika" nalo linastahili makala yake, ila si leo.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Ulaya. Uganda ililipa zaidi ya dola milioni 700 katika ununuzi uliokuwa na Su-30 sita, na mwaka 2011 mjadala uliwaka kwa sababu fedha zilitoka Benki Kuu kabla ya Bunge kuidhinisha. Mwandishi wa Kiswahili aliyetaka kuuliza muuzaji atajazia nini hakuwa na neno la kuulizia.

Kuhusu matumizi, kwa ufupi: kijazio kimo katika ngeli ya ki-vi. Kinachofungamana na ndege yenyewe ni kijazio cha ndani, kisichofungamana nayo ni kijazio cha kando. Muuzaji hujazia, mnunuzi hujaziwa. Mhariri anayeogopa kwamba msomaji atakwama aandike mara ya kwanza "kijazio, yaani ahadi ya muuzaji kurudisha kazi na mtaji kwa mnunuzi", kisha aendelee na habari yake. Mara ya pili hatahitaji.