Paswadi Ilipoacha Kuwa Askari wa Geti

Neno la siri la komputa lilianza kama askari wa geti tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, pale MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walijenga CTSS, mfumo ulioruhusu watu wengi kutumia komputa moja kwa wakati mmoja. Kila mtu akapewa paswadi ili asiguse faili za jirani. Mwaka 1962 Allan Scherr, mwanafunzi aliyetaka saa nyingi za komputa kuliko alizopangiwa, aliagiza mashine imchapie faili yenye paswadi za watu wote. Ikamchapia! Askari yuko getini, lakini nyumba haina mlango.

Mambo yalikaa hivyo miaka mingi, na kwa mafundi wa komputa ilikuwa riziki. Mteja amesahau paswadi ya Windows? Fundi anachomeka flopi yenye programu ndogo ya Mnorwe mmoja, Petter Nordahl-Hagen, anaifuta paswadi ya zamani, anawasha upya, na mteja anakuta kila kitu kama alivyokiacha. Huyo fundi hakuhitaji kujua paswadi ya zamani. Alihitaji tu kumwondoa askari.

Windows 2000 ilikuja na kitu kinachoitwa EFS. Unachagua folda, unaiagiza komputa iifiche, na faili zilizomo zinasimbwa, yaani zinageuzwa zisisomeke bila ufunguo. Lakini kwenye komputa ya mtu binafsi, akaunti ya msimamizi mkuu ilikuwa na uwezo wa kufungua faili za kila mtu. Fundi na flopi yake wangeingia kwa akaunti hiyo na kusoma wanachotaka. Kufuli la kuigiza, tuseme ukweli.

Windows XP ilipotoka Oktoba 2001, Microsoft walikuwa wameziba tundu hilo, na hapo ndipo paswadi ilipobadilika tabia bila watu wengi kugundua. Kila faili iliyosimbwa ina ufunguo wake. Ufunguo huo umefungiwa kwa ufunguo wa mwenye akaunti, na huo nao uko ndani ya sanduku ambalo kufuli lake limetengenezwa kutokana na paswadi yenyewe. Ukibadilisha paswadi mwenyewe, unaulizwa kwanza ile ya zamani, na hilo swali si urasimu. Kwa ile ya zamani Windows inalifungua sanduku, kisha inalifunga upya kwa ile mpya. Lakini msimamizi, au fundi na flopi yake, akikuwekea paswadi mpya kwa nguvu, hakuna aliyelifungua sanduku. Limebaki na kufuli la jana.

Basi mtu anaingia kwenye akaunti yake vizuri kabisa. Picha yake ipo, jina lake lipo, majina ya faili yanaonekana kwa rangi ya kijani kama kawaida. Anabofya. Anaambiwa hana ruhusa. Ni yeye, komputa yake, faili zake, na hana ruhusa.

XP ilitoa onyo msimamizi alipotaka kubadilisha paswadi ya mtu mwingine: huyo mtu atapoteza faili zake zote zilizosimbwa. Ila onyo alilisoma msimamizi, si mwenye faili. Na flopi ya fundi ilipita njia ya chini kwa chini ambako Windows haikuwa macho hata ya kuonya. Mimi siwalaumu Microsoft kwa kuweka kufuli la kweli. Ndilo watu walilolitaka. Ninachowalaumu ni kuruhusu mtu asimbe faili kwa kubofya mara chache bila kumlazimisha kwanza aweke nakala ya ufunguo mahali. Nafasi ya kuweka nakala ilikuwepo, lakini ilikuwa hiari, na cha hiari nani hukifanya kabla ya msiba?

Mwaka 2002 huko Norway, kituo cha lugha cha Ivar Aasen kilikwama na katalogi ya vitabu na miswada wapatao 11,000 kutoka mkusanyiko wa mtaalamu Reidar Djupedal. Aliyejua paswadi alikuwa amefariki. Kituo kikaomba msaada hadharani, na baada ya saa chache tu jibu likaja: “ladepujd”. Lisome kinyumenyume.

Kwa mtu wa XP pia, dawa ilikuwa kukisia. Akiikumbuka paswadi yake ya zamani, akairudisha kwenye akaunti herufi kwa herufi, sanduku linafunguka na faili zote zinasomeka tena. Kwa hiyo wapo waliokaa siku nzima mbele ya kioo wakijaribu majina ya watoto, ya ng'ombe, ya mtaa waliokulia, kwanza kwa herufi kubwa, halafu kwa ndogo.