Ghala Lililoachwa na Wenyewe

Msomaji, mtoto achanjwapo Kitengela, hesabu ya chanjo yake hufika Kajiado na Nairobi kwa programu iitwayo DHIS2, ambayo Kenya iliieneza nchi nzima mwaka 2011. Hesabu hizo hutunzwa ndani ya programu nyingine, PostgreSQL, iliyo kama ghala; na ghala hilo nusura lianguke zamani.

Lilianza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Profesa Michael Stonebraker. Watumiaji walipozidi, kuwahudumia kulikula wakati wa utafiti, nao wataalamu wakaiacha kazi. Mwaka 1994 wanafunzi wawili, Andrew Yu na Jolly Chen, waliiendeleza, kisha nao wakashikwa na mengine. Mimi siwalaumu, kwani hawakuwa na deni kwa mtu. Tena maandishi ya programu waliyaacha wazi, kila atakaye ayasome na kuyarekebisha.

Basi mwaka 1996 Marc Fournier wa Toronto alitoa kompyuta ya kuyahifadhi, Bruce Momjian wa Philadelphia akakusanya marekebisho, na Vadim Mikheev, aliyekuwa Krasnoyarsk huko Urusi, akashughulikia sehemu ngumu za ndani. Walikuwa hawajaonana hata mara moja, wala hakuna aliyewaajiri.