Kichocho katika miili ya kale ya bonde la Nile

Kati ya maradhi ya watu wa kale yanayoweza kuthibitishwa kwa kuichunguza miili yao, kichocho ni mojawapo ya yaliyoacha ushahidi ulio wazi zaidi. Mayai ya minyoo yake yana ganda gumu, na yanaponasa katika kibofu, figo au ini huweza kugeuka chokaa, hivyo hudumu hata nyama inapokauka kabisa. Mwaka 1910 Marc Armand Ruffer, profesa wa bakteriolojia mjini Cairo, alizilainisha nyama kavu za mumia kwa mchanganyiko wa spiriti na magadi, akazikata nyembamba na kuzitazama kwa hadubini. Katika figo za mumia mbili za nasaba ya 20 alikuta mayai ya kichocho cha mkojo, yenye umri wa takriban miaka 3,000. Theodor Bilharz alikuwa amewatambua minyoo wenyewe katika mji huohuo mwaka 1851.

Kuwapo kwa mayai hayo kunathibitisha ukongwe wa ugonjwa, lakini ukongwe peke yake hautufundishi mengi. Lenye uzito ni swali la nani aliugua na kwa nini, na hapo miili ya kale inaonyesha kwamba kichocho hufuata namna watu wanavyoyaongoza maji na kazi zinazowaingiza ndani yake. Mfano mzuri ni Nakht, kijana mfumaji wa Thebes aliyeishi zama za nasaba hiyohiyo ya 20, ambaye mwili wake ulipasuliwa Toronto mwaka 1974. Alikutwa na mayai ya kichocho na ya tegu, ini lililoanza kuwa na makovu, na mapafu yenye masizi na vumbi la mchanga. Haya yote yalionekana kwa sababu hakufanyiwa ule ukaushaji wa gharama uliokuwa ukiondoa viungo vya ndani. Matajiri walizikwa kwa ustadi mkubwa zaidi, na kwa ustadi huohuo sehemu kubwa ya habari za afya zao ikapotea.

Mtu mmoja, hata hivyo, hathibitishi kanuni. Inahitajika jamii ya kulinganishwa na jamii. Nubia inatupa ulinganisho huo. Miili ya Wadi Halfa, iliyofukuliwa miaka ya 1960 kabla ya eneo hilo kufunikwa na ziwa la Bwawa Kuu la Aswan, ni ya wakulima walioishi kati ya karne ya 4 na ya 6, waliomwagilia mashamba kwa mifereji na magurudumu ya kupandishia maji yaliyozungushwa na ng'ombe. Watu wa Kulubnarti, upande wa kusini, waliishi baadaye katika nchi ya mawe na walitegemea zaidi mafuriko ya mwaka. Kipimo kinachotafuta kemikali zinazotolewa na minyoo kilionyesha kichocho cha tumbo katika asilimia 25 hivi ya miili ya Wadi Halfa, na asilimia 9 hivi tu ya ile ya Kulubnarti. Mto ni uleule. Kilichotofautiana ni maji yaliyotuama karibu na makazi, ambamo konokono wanaobeba ugonjwa huu huzaliana.

Pingamizi la kwanza ni zito. Kemikali hizo huharibika kadiri muda unavyopita, na mtu asiye na alama mwilini huenda alikufa haraka kabla ugonjwa haujaziacha. Tahadhari hii, iliyoelezwa kwa nguvu mwaka 1992 na James Wood na wenzake, inatukataza kuzichukua asilimia hizo kama hesabu kamili ya wagonjwa. Lakini jamii zote mbili zilipimwa kwa njia moja, na zote zilikaushwa na jangwa lilelile. Uharibifu unaweza kuzipunguza tarakimu za pande zote mbili, ila si rahisi uzae peke yake pengo kubwa kiasi hicho. Pingamizi la pili ni kwamba kichocho kipo pia pasipo na mifereji: Unguja na Pemba watoto hukipata kwenye vijito na mabwawa wanamooga. Ni kweli, na hilo linaisahihisha hoja bila kuivunja. Mfereji hauuzai ugonjwa. Unaongeza maji ya polepole na saa za miguu ya watu ndani yake, kama inavyoonekana katika mashamba ya mpunga ya Mwea, Kenya. Ushahidi wa Misri yenyewe katika karne iliyopita unaelekea hukohuko: bwawa la Aswan lilipokamilika mwaka 1970 na mtiririko wa maji kubadilika, konokono wa kichocho cha tumbo walistawi katika delta ya Nile, na aina hiyo ya ugonjwa ikachukua nafasi ya kile cha mkojo ambacho Ruffer alikikuta kwenye figo za mumia.