Tangu Mawe ya Msingi: Historia Fupi ya Sekondari za Kata Misungwi

Wilaya ya Misungwi ilizaliwa mwaka 1995, ilipomegwa kutoka Kwimba. Kwa hiyo walimu wengi wanaofundisha humo leo ni wakubwa kuliko wilaya yenyewe, na wazazi wao wanakumbuka vizuri zama ambazo mtoto wa Misasi, Mbarika au Usagara akifaulu darasa la saba alikuwa kama amepotea nyumbani. Alinunuliwa tranka, godoro na blanketi, akapandishwa basi au treni, akaonekana tena likizo. Waliobaki, na ndio waliokuwa wengi, walishika jembe.

Haikuwa kwa sababu nchi hii ya Usukuma haikujua darasa. Mapadri Weupe walifungua misheni yao Bukumbi, kando ya Ziwa Viktoria, mwaka 1883, kabla hata Wajerumani hawajaitawala Mwanza, na huko watoto walifundishwa dini pamoja na kusoma na kuandika. Wakati wa Waingereza mwenye bahati aliweza kufika shule ya Bwiru, na mwenye bahati zaidi akaenda ya Tabora. Kisha ikaja pamba. Mwaka 1955 wakulima walioongozwa na Paul Bomani waliunganisha vyama vyao vya ushirika vikawa Victoria Federation of Co-operative Unions, chombo kikubwa kuliko vyote vya namna hiyo kilichowahi kumilikiwa na wakulima wa Tanganyika. Ushuru wa pamba ulijenga shule za msingi na zahanati. Sekondari ilibaki mbali.

Baada ya Uhuru serikali ilichagua, na ilichagua kwa makusudi. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilisema shule ya msingi imwandae mtoto kuishi kijijini, si kumsubirisha nafasi ya sekondari. Azimio la Musoma la 1974 likaharakisha elimu ya msingi kwa wote. Ulikuwa uamuzi wa haki kwa nchi maskini, na naamini hivyo hadi leo. Lakini gharama yake iliangukia mahali kama Misungwi: watoto wenye alama nzuri walirudi kuchunga ng'ombe kwa sababu viti havikuwapo.

Mlango ulifunguka mwaka 2004, serikali ilipoanzisha Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES. Kila kata itakuwa na sekondari yake, ndiyo iliyokuwa amri, na Waziri Mkuu Edward Lowassa aliisimamia kwa nguvu iliyowanyima usingizi wakuu wa wilaya. Sekondari nchini zilikuwa 1,745 mwaka 2005. Mwaka 2010 zilikuwa 4,266. Hakuna bajeti ya Tanzania ambayo ingeweza kujenga zote hizo kwa miaka mitano. Nyingi zilijengwa na wananchi.

Hapa inafaa tukae kidogo, maana hii ndiyo sehemu ya historia inayosahaulika upesi. Utaratibu ulikuwa kwamba kijiji kinyanyue boma hadi kwenye lenta, kisha serikali ilete bati, mbao na fedha za kumalizia. Mkutano wa hadhara ulipanga kiwango cha mchango kwa kila kaya. Asiye na fedha alileta debe la mpunga au kuku, au alifanya kazi. Wanaume walipasua na kusomba mawe, ambayo Misungwi inayo kwa wingi. Wanawake walibeba maji na mchanga kichwani tangu alfajiri, kabla ya kwenda shambani. Kamati ya ujenzi ilihesabu mifuko ya saruji na kuifungia stoo. Palipokuwa na udongo mweusi wa mbuga, fundi alilazimika kuchimba msingi kwenda chini zaidi, kwa kuwa udongo ule hupasuka kiangazi na kuvimba masika, na ukuta uliosimama juu juu hupata ufa kabla ya kidato cha kwanza kumaliza mwaka. Wasukuma walikuwa na desturi hii ya nguvu za pamoja zamani sana; vijana wa vikundi vya basumba walilimiana mashamba kwa zamu, wakiimba. Mtendaji wa kata hakuwa na haja ya kuwafundisha watu maana ya kushirikiana. Alichohitaji ni kuaminika.

Mara nyingine hakuaminika. Yapo maboma yaliyosimama bila bati hadi yakaota nyasi ndani, na wapo wazazi waliochukuliwa mbuzi kwa kushindwa kulipa mchango. Hilo nalo liandikwe.

Shule zilifunguliwa hivyo hivyo. Mtoto aliripoti akiwa na kiti na meza yake kichwani, jembe, ufagio na rimu ya karatasi, kama fomu ya kujiunga ilivyoagiza. Ada ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, achilia mbali michango. Walimu hawakutosha, vijana waliotoka kidato cha sita wakapewa mafunzo ya muda mfupi na kuingizwa darasani, na watu wakawabandika jina la Voda Fasta. Mimi nawaheshimu. Wengi wao ndio waliokuwa walimu pekee wa hesabu na sayansi, katika shule zisizo na maabara wala nyumba ya mwalimu. Na walifundisha watoto waliokuwa wakisema Kisukuma nyumbani, waliosoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha ghafla wakatakiwa kuielewa biolojia kwa Kiingereza.

Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa, zaidi ya nusu ya watahiniwa nchini walikuwa wamepata daraja la sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, na matokeo yakapangwa upya. Wenye maneno makali walizigeukia shule za kata, wakaziita mzaha. Hawakuwa na haki. Wengi wa walioshindwa mwaka ule walikuwa watoto ambao, miaka kumi tu nyuma, wasingekuwa hata na mtihani wa kushindwa.

Marekebisho yalikuja kwa vipande. Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na biolojia, na wananchi wakachangishwa tena. Januari 2016 ada ikafutwa. Mwishoni mwa 2021 fedha za mkopo wa UVIKO-19 zilijenga madarasa nchi nzima, hata Januari 2022 waliofaulu wakaingia kidato cha kwanza kwa pamoja, bila kusubiri chaguo la pili. Novemba 2021 pia serikali iliruhusu wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito warudi shuleni. Kwa wilaya ambayo binti anaweza kutembea kilometa nyingi kupita mashamba ya pamba na mpunga kabla jua halijachomoza, ruhusa hiyo ilikuwa na uzito kuliko jengo lolote.

Umbali ndio kidonda kilichobaki. Wanafunzi wanaotoka vijiji vya mbali hupanga vyumba karibu na shule, geto kama wanavyoviita, wakijipikia na kujilinda wenyewe wakiwa na miaka kumi na minne. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 linawavusha watu ghuba ya ziwa ndani ya dakika chache, na reli ya kisasa imepangwa kupita Fela. Wilaya inayopata vitu hivyo haina sababu ya kumwacha msichana alale geto. Mabweni yajengwe, na chakula cha mchana kipikwe kila shule.

Na kwenu mliosoma humo, ambao sasa ni wauguzi, walimu, mafundi, askari na madiwani: wajumbe wa kamati zile za ujenzi wanazeeka, na madaftari ya michango yanaliwa na mchwa. Nendeni mkawaulize nani alitoa kiwanja, nani alisomba mawe, fundi alikuwa nani, kisha majina hayo yaandikwe ukutani kwenye ofisi ya mkuu wa shule. Fanyeni hivyo likizo hii.